Mwezi wa kumi Pemba, karafuu zikiwa juani

Alhamisi

Safari hii nimeipanga makusudi iangukie mwezi wa kumi. Mara nyingi nakuja Pemba sikukuu, na sikukuu watu wote wameshavaa wamekaa vibarazani wanapokea wageni, raha ipo lakini ni raha ya kuandaliwa, mimi nnayoitaka ni Pemba ya siku za kazi, karafuu zimeiva, kila mtu ana shughuli, na katikati ya hizo shughuli ndo uone watu wanavyojua kuishi. Basi nimejiwekea niandike kila usiku kabla sijalala.

Boti imetoka Malindi, bandarini Unguja mjini, asubuhi mapema. Abiria wa Pemba utawajua kwa mizigo, magodoro, mafeni, ndoo, mikate ya boflo mifuko kwa mifuko, mana hakuna anokwenda Pemba mikono mitupu. Mama mmoja alokaa ubavuni kwangu alikuwa na keki ya harusi kaipakata magotini, ya mtoto wa dada yake, na hakuiweka chini njia nzima. Nikamwambia nikupokee mama upumzike kidogo, akanambia ahsante mwanangu, hii nimeapa itafika na mauwa yake yote. Na imefika, nimeiona mwenyewe ikishuka pale bandari ya Mkoani, ua hata moja halijaanguka.

Tulipoiacha Nungwi mazungumzo yalipungua. Mkondo ule ndo ilipozama meli ya Spice Islander usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikija hukuhuku Pemba, na mpaka leo boti ikifika pale utaona wazee wanatoa tasbihi na vijana wanaacha simu. Hakuna anosema kitu. Nikawasomea Fatiha na mimi. Bahari leo ilikuwa shwari, kusi imeshatulia na kaskazi haijaanza, maji yamelala kabisa, mama wa keki akasema maleleji haya Mungu katuchagulia.

Mkoani nikapanda gari ya 603 mpaka Chake Chake halafu 606 ya kuelekea Wete. Hapa ndo raha ya kwanza ya Pemba, gari ya abiria. Hukai dakika tano hujaulizwa wewe mgeni wa nani. Nikasema mimi kwa fulani, yule bwana wa nyuma akasema aaa mjomba wako yule, tulisoma chuo kimoja cha Kurani, akatoa simu akampigia palepale, "mgeni wako nnaye hapa, tunakaribia". Njia nzima pembeni mwa barabara ni majamvi tu, karafuu zimetandazwa juani, nyengine bado mbichi za kijani na wekundu, nyengine zishakuwa za kahawia, na harufu inaingia dirishani bila kukatika, milima na mabonde yote ni hiyohiyo. Nilipoteremka watoto wa mjomba washafika barabarani wananisubiri, mdogo wao kaninyang'anya begi ambalo kubwa kuliko yeye na hakukubali kusaidiwa.

Chakula cha usiku muhogo wa nazi kwa ng'onda, samaki wa kukausha. Mkaza mjomba anajua nakipenda, kakipika bila kuniuliza.

Ijumaa

Tumeamka alfajiri, tukisali tukaingia shambani moja kwa moja, chai baadae. Mkarafuu ni mti mrefu na matawi yake hayataki mchezo, mchumaji anapanda mpaka juu, anayavuta yale matawi ya mbali kwa ngowe, anakata kikonyo kizima anatia kwenye kikapu, kikijaa anakishusha kwa kamba. Binamu yangu anapanda huku anaimba. Mjomba yuko chini anamwangalia mguu kwa mguu na hacheki hata akitaniwa, mana kila msimu kuna watu wanaanguka, kuna jirani yetu hapa anachechemea mpaka leo. Kina mama na watoto wanaokota zilizoanguka chini, na hizo hazitupwi hata moja.

Saa tatu mkaza mjomba akaleta chai ya mchaichai na mkate wa maji na vibua vya kukaanga vya jana usiku. Tumekula chini ya mti, mikono inanuka karafuu kwa hiyo kila unachokula kina karafuu. Mimi nasema hakuna chai nzuri duniani kushinda ile inoletwa shambani ukiwa ushachoka, na sitanii.

Mchana Ijumaa, kazi imesimama, watu wamekoga wamevaa wamekwenda msikitini, baada ya hapo pilau, baada ya pilau hakuna mtu alofanya kitu mpaka alasiri.

Lakini usiku ndo wenyewe. Karafuu zikishachumwa lazima zichambuliwe, yaani unazitoa kwenye makonyo kwa kiganja, karafuu upande huu, makonyo upande ule, na kazi hiyo inafanyika barazani baada ya kula, jamvi kubwa linatandikwa, watu wanakaa duara, bibi, mjomba, mkaza mjomba, watoto walotoka chuoni, majirani wawili watatu walopita tu kusalimia nao wakajikuta washakaa wanachambua. Hakuna aloitwa na hakuna aloambiwa ondoka. Mikono inafanya kazi peke yake, midomo iko huru, na hapo ndo unapata habari za kijiji kizima, nani kaposwa, nani katuma hela kutoka Omani, ng'ombe wa nani kaingia kwenye muhogo wa nani.

Bibi alipochangamka akatueleza alivyohadithiwa na wazee wake, kwamba zamani Unguja ndo ilokuwa na mikarafuu, mpaka ikaja tufani ya mwaka 1872 ikaiangusha karibu yote, na Pemba haikuguswa sana, tangu hapo karafuu ikahamia huku. Anaisimulia kama aliiona mwenyewe. Halafu akasema Mungu akiifunga huku hufungua kule, sasa nyie chambueni mnalala.

Makonyo nayo hayatupwi, yanauzwa, yanakwenda kiwanda cha Wawi kule karibu na Chake yanakamuliwa mafuta. Mtoto mmoja kaniuliza mjomba kwani Unguja nyie usiku mnachambua nini? Nikamwambia hatuchambui kitu, tunaangalia simu. Akanionea huruma kweli, nilimuona.

Jumamosi

Leo mjomba kaniambia nenda na binamu yako Tumbe mkalete samaki, na mkishafika huko msirudi haraka, oneni bahari. Tumetoka kwa pikipiki bado giza, tukapita Konde, tukafika Tumbe mashua zinaingia.

Diko la Tumbe mnada wake unaanza samaki akiwa bado anaruka. Mnadi anasimama katikati, mtungo wa samaki uko miguuni, anaita bei kwa sauti ya haraka ambayo mgeni hasikii kitu, na wanunuzi hawapigi kelele, mmoja anainua nyusi, mwengine anagusa kofia, imekwisha imeuzwa. Changu, pono, kolekole, ngisi, mapweza yamewekwa juu ya mchanga, papa mmoja mdogo. Binamu akachukua mtungo wa tasi, mana kwa Mpemba tasi akipatikana hao wengine wanasubiri. Kanifundisha kumuangalia jicho na kumbonyeza tumbo, nikamwambia hilo nalijua, akasema jua tena.

Tukaendelea mpaka msitu wa Ngezi. Njia inapita katikati ya miti na ghafla joto linakatika, juu kumefunga, ndege wanalia usiowasikia kwengine. Kuna ndege wa aina nne wanopatikana Pemba tu dunia nzima, mmojawapo ninga wa Pemba na mwengine yule bundi mdogo, huyo bundi hatukumuona mchana ule lakini ninga tumewaona, kijani kwa kijivu, wametulia juu ya mti wanakula matunda yao. Tulizima pikipiki tukakaa kitambo. Binamu ambae kazaliwa hapahapa alikuwa anaangalia juu kama mtu ndo mara ya kwanza, na hilo nimelipenda sana kwake.

Ukitoka msituni unatokea Vumawimbi. Pwani ndefu, mchanga mweupe, hakuna mtu isipokuwa wavuvi wa Kojani waliopiga dago. Watu wa Kojani bahari ndo shamba lao, wanahama na familia wakati mwengine, wanajenga vibanda vya makuti pwani wanavua wiki kadhaa mpaka samaki wapungue, wanafika mpaka Tanga na Mombasa. Tukawaomba moto tuchome tasi wetu watatu, wakasema moto upo na ndimu ipo na chumvi ipo, kaeni. Wakatuongezea ngisi. Tukala kwenye jani, mikono tunaoshea baharini, tukaogelea mpaka vidole vikakunjana. Mzee mmoja alikuwa anashona wavu muda wote ule, hakuinua kichwa, lakini kila tukizungumza jambo anacheka mahala panapotakiwa kuchekwa. Tulipotaka kuondoka nikataka kutoa chochote, akasema pesa za nini, kwani mmenunua?

Jumapili

Leo ndo siku nnayotaka kuiandika vizuri.

Asubuhi jua kali, kila nyumba imeanika. Karafuu inataka jua la siku tatu nne mfululizo ikauke vizuri, ikinyeshewa inapoteza rangi, inaota ukungu, na daraja linashuka, maana yake jasho lote la kupanda miti limekwenda bure. Kwa hiyo msimu huu kila mtu ana jicho moja kwenye kazi yake na jicho moja juu mawinguni. Mjomba na mkaza mjomba walikwenda mazishini kijiji cha pili, wametuachia nyumba mimi na bibi na watoto wawili.

Kama saa saba hivi upepo ukageuka. Bibi alokaa ndani, hajatoka nje wala hajaangalia mbingu, akasema "mvua hiyo, anueni". Mimi naangalia naona jua tu. Watoto hawakubishana nae, washatoka mbio. Tukaanza kuzoa, majamvi manne makubwa, huku tunakunja huku tunatia kwenye mapolo, na kweli wingu jeusi limetokea upande wa mashariki linakuja mbio. Tuko jamvi la pili tu matone yanaanza. Hapo ndo nikaona watu wanatoka kila upande. Yule jirani anochechemea kaja anakimbia kwa mguu wake ule, binti wa nyumba ya nyuma kaacha chungu motoni, vijana waliokuwa wanacheza dhumna wamemwaga mawe yao chini wamekuja, mwanamke alokuwa anapita njia tu na ndoo kichwani kaitua ndoo akashika pembe ya jamvi na sisi, simjui na yeye hanijui. Dakika chache zote ziko ndani. Halafu hawakusimama kushukuriwa, wamehamia nyumba ya pili ambayo wenyewe nao walikuwa mazishini, nikawafata, tukaanua na kule, na ya tatu.

Mvua ilipomwagika sawasawa tulikuwa watu kama kumi na tano tumebanana kwenye baraza la mtu ambae hayupo, tumeroa, tunacheka. Binti akakumbuka chungu chake akapiga kelele akakimbia mvuani. Mwenye ndoo akasema haya sasa mie nilikuwa nakwenda kuchota maji, maji yamekuja yenyewe, akaiweka ndoo chini ya paa ikajaa. Mtu akatoa kashata mfukoni, zimeloa kidogo, tukagawana.

Nimekaa mjini miaka mingi, nguo zikiroa kwa jirani nampigia simu kumwambia. Sisemi watu wa mjini wabaya, nasema huku mali ya mtu mbele ya mvua inakuwa mali ya kila mtu mpaka iingie ndani, ikishaingia inarudi kuwa ya mwenyewe, na hakuna alouliza hizi za nani. Mjomba aliporudi akakuta mapolo ndani, hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu, "na za kule wamezianua?"

Jumatatu

Jua limerudi, karafuu zimerudi nje. Mimi nimetumwa Wete kununua sabuni, mafuta ya taa na halua.

Halua ya Wete inajulikana Zanzibar nzima. Nimemkuta fundi yuko kwenye sufuria lake kubwa la shaba, mwiko mrefu, sukari na wanga na samli vimeshashikana na vinataka kukorogwa bila kupumzika, ukiacha kidogo inashika chini, kwa hiyo wanapokezana wawili. Iliki, kungumanga, zafarani, lozi mwishoni. Nilisimama pale karibu saa nzima na hakuna aloniuliza nataka nini, mmoja akanisogezea kiti. Ilipoiva akachota kidogo akaniwekea kwenye sahani na kikombe cha kahawa chungu. Utamu wa moto ule na uchungu ule vinakutana mdomoni, mtu anatulia.

Mafuta ya taa ni ya bibi. Umeme upo, Pemba imeunganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 2010 na nyumba ya mjomba ina taa kila chumba, lakini bibi lazima awe na chemli yake pembeni, anasema mwanga wake haumuumizi macho akisoma. Akiiwasha wajukuu wote wanahamia chumbani kwake.

Usiku dhumna na vijana wale waliomwaga mawe jana. Nimefungwa sana. Wamefurahi sana, na mimi nimefurahi.

Jumanne

Mchana kuchuma, hakuna jipya. Jioni watoto wakanivuta twende Kidike kuangalia popo. Popo wa Pemba ni wakubwa, mabawa yakifunguka ni mkono wa mtu mzima na zaidi, uso wa mbwa, manyoya mekundu, na hawapatikani popote duniani ila hapa. Miaka ya 80 walikaribia kwisha, watu walikuwa wanawala na misitu inakatwa, mpaka wanakijiji wenyewe wakaanza kuwalinda, na sasa wako maelfu. Jua likizama wanaachia matawi mmoja mmoja, halafu wote pamoja, wanakwenda kutafuta maembe na mafenesi. Mdogo wao alikuwa anahesabu kwa sauti, alipofika mia akaanza tena moja. Bibi anasema ujana wake kawala na walikuwa watamu, watoto wakampigia kelele mpaka akaapa hali tena.

Jumatano

Karafuu za mwanzo zimekauka, ukiivunja inalia, ka. Leo zimekwenda kituoni, shirika la biashara la serikali, ZSTC, ndo linonunua, tumepakia mapolo kwenye gari ya ng'ombe mimi na mjomba na binamu. Msimamizi anatia mkono mpaka chini ya polo, anasikiliza kwa vidole, anaangalia rangi, makonyo yamebaki au hayakubaki. Mjomba alisimama mikono nyuma hasemi kitu. Daraja la kwanza, yote. Akasema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, halafu akanigeukia mimi, "unaona ile mvua ya Jumapili?" Nikamwambia nimeona mjomba.

Kabla hajafika nyumbani kashalipa wachumaji pishi zao, mmoja mmoja, wengine kawafata majumbani kwao. Yule jirani wa mguu kapewa fungu lake na hakuchuma hata karafuu moja, wala hawakuzungumza chochote, kapokea kaweka mfukoni wakaendelea na habari za ng'ombe. Mchele gunia moja, doti ya kanga kwa mkaza mjomba, nyengine kwa bibi, na kwa watoto wote wa mtaa malai za barafu, kila mtu ya rangi anayoitaka. Wamekaa ukutani midomo myekundu na kijani. Mkaza mjomba akaisoma kanga yake mara mbili, akaikunja akaingia nayo ndani, tumemsikia anaicheka peke yake chumbani.

Mke wangu kapiga simu usiku huu, kauliza narudi lini, nikamwambia Jumamosi inshaallah, kasema halua usisahau na waambie wasitie lozi nyingi. Kuna mikarafuu sita bado bondeni, ile mirefu, binamu kashatayarisha kamba na ngowe, kesho alfajiri tunaianza.